Duka la vitu vya baharini Kabalagala: friza safi, stika haisemi kitu

Hapa Kampala tumezoea ngege na mputa, ukitaka vya baharini unategemea friza tu. Sasa hawa wa Kabalagala kwa kweli wanajitahidi, pweza msafi, kamba wakubwa na hawajapakwa barafu nzito, kwingine ukiyeyusha nusu pakiti inakuwa maji. Bei inauma lakini sawa.

Shida ni kome, wale wa magamba mawili. Nimegeuza pakiti huku na huku, stika ina bei na uzito basi, hakuna walivunwa bahari gani wala lini. Namuuliza kijana ananiambia, "Mama usiogope, ukichemsha vizuri sumu yote inaisha." Hapana jamani!! Kome anakula kwa kuchuja maji, mwani wenye sumu ukijaa baharini anaibeba tu na yeye haumwi, hunusi kitu, huoni rangi. Asidi ya okadaiki, moja ya sumu za mwani huo, haiondoki kwa moto wala kwa friza. Tumbo kuharisha ndio unaona, ila ndani ya seli inazuia vimeng'enya vinavyotoa fosfeti kwenye protini, kazi zinavurugika, na kwenye seli za binadamu maabara imeonekana ile oksijeni kali inazidi, inashambulia mafuta ya utando mpaka DNA, seli ina glutathioni yake ya kujikinga lakini akiba ikiisha ndio basi, seli inakufa. Na wale wa kukamulia ndimu eti inaua sumu, ndimu ni ya ladha.

Asidi ya domoiki, sumu nyingine ya mwani, ndio mbaya zaidi, inaamsha seli za neva kupita kiasi, kalsiamu inafurika ndani, mitokondria, yaani mitambo ya nguvu ya seli, zinaelemewa. Kanada 1987 watu zaidi ya 100 waliugua kwa kome wa Prince Edward Island, wengine wakafa, wengine kumbukumbu ikapotea. Ulaya hawaruhusu sumu hii ipite miligramu 20 kwa kilo ya nyama.

Nikakomaa nionyeshwe katoni walimotoka. Kumbe namba ya loti, eneo na tarehe ya kuvuna vyote viko pale, wakipakia upya kwenye vipakiti maelezo hayo wanayatupilia mbali! Mwenye duka, andika hayo kwenye stika, ni kalamu tu. Kwa sasa nyota 3 kati ya 5, pweza na kamba chukueni, kome daini katoni kwanza.