Uzamili wa ubunifu wa nguo kwa masafa nikiwa Mtwara: tathmini yangu

Shahada yangu ya uzamili ya ubunifu wa mitindo na nguo niliisoma kwa mfumo mseto: nadharia na michoro kwa mtandao, vipindi vifupi vya karakana chuoni, na majaribio mengine yote nyumbani, Mtwara mjini. Chuo sikitaji, maana mengi ya hapa yatakukuta kwenye programu yoyote ya mtindo huu. Upande wa ubunifu naupa 4 kati ya 5. Upande wa kitambaa chenyewe, yaani rangi, nyuzi na vipimo, naupa 2. Masomo si magumu kupita kiasi. Tatizo ni kwamba mwongozo umeandikwa kwa mtu ambaye maabara iko ng'ambo ya korido, si kilomita mia tano na kitu.

Moduli ya michoro inayojirudia peke yake inatosha kuhalalisha ada. Kazi yake ya kwanza ni kanga, na kanga humuumbua mbunifu mapema kuliko kitenge. Kitenge mchoro unajirudia tu, fundi atakata anapotaka. Kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina lake, na pindo lazima likutane kwenye kona bila ua kukatika. Chukua kanga ya sentimita 150 kwa 110, kona zake ziwe mraba wa sentimita 15. Upande mrefu unabaki na 120, mfupi 80. Ua la pindo lenye upana wa sentimita 8 litaingia mara 15 huku na mara 10 kule, barabara. La sentimita 12 litaingia mara 10 kwenye urefu, lakini kwenye upana litaingia mara 6 na kubakiza theluthi mbili ya ua. Hapo ndipo wanafunzi huanza kulibana ua ili litoshe, na mnunuzi yeyote wa doti sokoni ataliona kabla hajauliza bei. Piga hesabu ya pindo kwanza, ndipo uchore.

Mwongozo unataka faili la picha lenye ukubwa kamili. Kanga nzima kwa dpi 150 (nukta 150 kwa kila inchi) ni takriban pikseli 8,858 kwa 6,496, sawa na megabaiti kama 170 kwa kila tabaka la RGB. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 itaanza kugoma ukifika matabaka machache, na kupandisha faili hilo kwa bando la simu ni kuchoma hela. Chora kwa vekta, yaani mistari inayohifadhiwa kwa hesabu badala ya pikseli. Inkscape ni ya bure na inatosha. Wakisisitiza Illustrator, faili la SVG linafunguka huko. Msimamizi mtumie PDF nyepesi, faili kubwa libaki la siku ya kukabidhi.

Kuchapa kwa skrini kumefundishwa vizuri isipokuwa jambo moja ambalo mtu wa pwani atalilipia: unyevu. Wavu wa 43T hadi 55T (nyuzi 43 hadi 55 kwa kila sentimita) ni chaguo sahihi kwa pamba. Dawa ya picha inayopakwa kwenye wavu ndiyo inayosumbua. Inatakiwa ikauke hadi ndani kabla ya kupigwa mwanga, na saa zinazotajwa kwenye mwongozo hazitoshi Februari mvua ikiwa imetanda. Ikibaki mbichi ndani, mwanga haujaigandisha, na ukimwagia maji mchoro mzima unashuka, ukianza na mistari myembamba. Weka skrini kwenye chumba cha giza, ilale upande wa kuchapia ukiangalia chini, feni ipulize usiku kucha. Usiharakishe kwa moto wala jua. Joto kali huigandisha dawa kabla ya mwanga kuifikia, na hapo hata sehemu zilizotakiwa zifunguke hazifunguki tena.

Sasa rangi, ambako ndiko tasnifu nyingi za kozi hii huishia.

Ukiwa Mtwara au Lindi, mawazo yanakwenda kwanza kwenye mikoko. Gome lake lina tanini nyingi (ile dawa ya asili yenye ukakasi) na linatoa kahawia inayoelekea wekundu. Sikushauri. Mikoko ni msitu wa hifadhi, kuvuna bila kibali ni kosa. Ile ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma imo ndani ya hifadhi ya bahari tangu 2000. Na mti ukichunwa gome kuzunguka shina hufa. Kamati ya utafiti itakudai kibali, na muhula utakwisha ukikisubiri. Korosho ni bora zaidi. Ile ngozi nyembamba nyekundu inayovuliwa kwenye punje baada ya kubangua nayo ina tanini, na kwa wabanguaji ni taka. Isichanganyike na ganda gumu la nje, ambalo lina mafuta yanayobabua ngozi na yakichemshwa huchafua kitambaa. Chekecha, vaa glavu, ondoa kila kipande cha ganda.

Kitambaa cha majaribio ni marekani, pamba ghafi isiyotiwa rangi. Kina dondo (wanga) la kiwandani na nta ya asili ya pamba, na vyote viwili huizuia rangi kuingia. Dondo lipime kwa tone la tincha ya ayodini kutoka duka la dawa: ikigeuka bluu iliyokolea, wanga bado upo. Loweka kitambaa usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, suuza, kisha chemsha. Kwa kilo 1 ya kitambaa weka lita 20 za maji, soda eshi gramu 40 na sabuni kidogo isiyo na kiangaza, kwa saa 1. Maji yatageuka kahawia. Kitambaa kikishakauka dondoshea tone la maji: lizame ndani ya sekunde 5. Likikaa juu kama shanga, rudia. Hatua hii wengi huiruka, halafu rangi ikitoka na mabaka lawama zote zinakwenda kwa shabu, chumvi inayoishikisha rangi kwenye kitambaa.

Pamba haishiki shabu vizuri yenyewe. Inataka tanini itangulie. Ukitumia korosho umepunguza kazi, kwa kuwa tanini na rangi vinakuja pamoja. Utaratibu ambao ukirudiwa hutoa rangi ileile ni huu: ngozi za korosho zilizokauka na kutwangwa, uzito sawa na wa kitambaa, maji mara 20 ya uzito huo, loweka usiku, chemsha taratibu saa 1, chuja mara mbili kwa kitambaa. Chembe zikibaki zitaacha nukta. Kitambaa kiingie kikiwa kimelowa, maji yakiwa vuguvugu, upandishe polepole hadi karibu nyuzi 80, ukae hapo dakika 60 ukigeuza, kisha kipoe humohumo. Baada ya kusuuza, shabu asilimia 15 ya uzito wa kitambaa, iliyopunguzwa ukali kwa soda eshi asilimia 2. Soda itie kidogokidogo; ikimwagwa kwa pupa povu litafurika ndoo. Kwa kijivu kilichokolea tumia salfeti ya chuma, na usivuke asilimia 2, kwa sababu chuma kikizidi kinaidhoofisha pamba, na kitambaa huanza kukatika kwenye mikunjo baada ya kukaa muda. Sufuria iwe ya stenlesi. Sufuria la chuma cha kawaida linatia chuma kwenye rangi bila wewe kukiandika popote, na jaribio zima linakuwa halina maana.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haitoshi. Sampuli ya gramu 10 ikihitaji chuma asilimia 2, hiyo ni gramu 0.2, na mizani hiyo haiioni kabisa. Huna haja ya kununua ya maabara. Yeyusha gramu 50 za dawa unayotaka kupima kwenye maji hadi yatimie lita 5. Umepata mchanganyiko wa asilimia 1, na kosa la nusu gramu kwenye 50 halikudhuru sana. Vuta mililita 20 kwa bomba la sindano: zimo gramu 0.2. Mchanganyiko wa shabu unakaa. Wa chuma tengeneza siku ya kuutumia, maana ukilala unageuka rangi ya kutu na nguvu yake imepungua. Ujanja huu mdogo una faida kuliko sura nzima ya mwongozo iliyojaa picha za mitambo.

Uzito wa kitambaa nao unacheza. Maabara za nguo hupima kwenye hewa ya nyuzi 20 na unyevu asilimia 65, na hapo pamba hubeba maji kama asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu. Nyumba ya Mtwara isiyo na kiyoyozi wakati wa masika inazidi hapo. Pima vipande vyote vya jaribio moja kwa kikao kimoja, na usilinganishe uzito wa Machi na wa Agosti.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni ukubwa wa sampuli. Mwongozo unasema paka rangi vipande vya sentimita 10 kwa 10. Vinapendeza kwenye kitabu cha sampuli na havifai kwa vipimo ambavyo mwongozo huohuo unavidai sura mbili mbele. Kipimo cha rangi kustahimili kufua, ISO 105-C06 (ISO ni viwango vya kimataifa), kinatumia kipande cha sentimita 10 kwa 4. Cha kusuguliwa, ISO 105-X12, kinahitaji angalau sentimita 14 kwa 5, kikavu na kibichi, kwa hiyo vipande zaidi ya kimoja. Cha nguvu ya kitambaa kwa ISO 13934-1 ndicho mlafi: vipande vitano kwa mtande (nyuzi za urefu) na vitano kwa mshindo (nyuzi za upana), kila kimoja upana wa sentimita 5 na urefu unaozidi 20 za kati ya taya za mashine. Ukitumia chuma kipimo hiki hukikwepi, mtahini atauliza. Paka rangi mita nzima kwa kila fomula ya rangi, chungu kimoja, mara moja. Ukirudi kuongeza kipande mwezi ujao hicho ni chungu kingine, na mtahini ana haki ya kukikataa.

Vipimo vya aina hii vinafanyika kwenye maabara ya nguo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), Dar es Salaam, au chuoni ukibahatisha nafasi. Omba ankara kabla ya kutuma, kwa sababu gharama huhesabiwa kwa kila kipimo na kila sampuli. Kabla ya hapo chuja nyumbani: nusu ya kipande ifunikwe kwa kadibodi, kiwekwe juani wiki mbili, kingine kifuliwe kwa sabuni ya mche pamoja na kitambaa cheupe, kingine kisuguliwe kwa pamba nyeupe iliyolowa. Fomula inayofeli hapa usiilipie huko. Majibu ya kufua na kusugua huja kwa alama 1 hadi 5, ya mwanga 1 hadi 8, na 5 za mwanga si sawa na 5 za kufua. Nimeshaona tasnifu iliyozichanganya kwenye jedwali moja.

Wasimamizi wangu walikuwa wepesi kujibu, ila rangi haijadiliwi kwa picha ya simu. Kila simu ina kahawia yake. Bandika sampuli kwenye kadi, nyuma uandike tarehe, uzito, kiasi cha maji, dawa, pH na dakika, utume kwa basi. Chuoni wazipime kwa kipima rangi wakupe namba za L* (weupe na weusi), a* (wekundu na ukijani) na b* (unjano na ubluu). Hizo ndizo zinazoingia kwenye tasnifu.

Moduli ya mitindo yenyewe, kukata paterni na kushona nguo ya majaribio, ni marudio kwa aliyekwisha kaa kwenye cherehani. Ipite upesi. Mahali pa kusimama ni kwenye utafiti wa michoro. Wahadhiri wa mbali wanavutiwa sana na nembo za Kimakonde na sura za mapiko, vile vinyago vya kuvaliwa, na watakusukuma uziweke kwenye gauni. Mapiko yana uhusiano na jando. Waone wazee kwanza, uliza kipi cha kuonekana na kipi cha ndani, na ridhaa yao iandikwe. Kozi ililigusa jambo hili kwa aya moja tu, na kwa mkoa huu hiyo ni kasoro kubwa.

Ada uliyotangaziwa haijumuishi vipimo, usafirishaji wa sampuli, nauli na malazi ya vipindi vya karakana, wala kujalidi tasnifu. Chuo kikiwa cha nje, weka pia gharama ya kupeleka cheti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kitambuliwe. Anayetaka nyuzi na kemia zaidi ya michoro, na anaweza kuhama, atafute programu ya kukaa chuoni; Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina uzamili wa uhandisi wa nguo. Anayebaki huku aandike barua pepe kabla ya kulipa muhula wa kwanza: nani analipia vipimo vya ISO, nafasi za karakana zinapangwa miezi mingapi kabla, na je, wanapokea sampuli zilizotumwa au lazima uzipeleke mwenyewe. Jibu la swali la mwisho likiwa "lazima uje", ongeza nauli ya Dar kwenda na kurudi kwa kila sura ya majaribio.