Mafunzo ya mawasiliano kwa wahudumu wa hospitali: somo zuri, mkufunzi katuangusha

Ukumbi na chai vilikuwa sawa, siviongelei. Naandika kwa jambo moja lililotokea mchana wa siku ya pili, na mpaka sasa likinijia nachemka.

Asubuhi yake mkufunzi alitusimulia kisa cha Elaine Bromiley, mama wa Uingereza aliyepelekwa kufanyiwa upasuaji mdogo mwaka 2005. Akapewa dawa ya usingizi, njia ya hewa ikaziba. Madaktari waking'ang'ana kupitisha mpira kooni, muuguzi mmoja alishaleta vifaa vya kutoboa koo, mwingine alishaulizia kitanda ICU, kule kwa wagonjwa mahututi. Hawakusikilizwa. Yule mama alifariki siku 13 baadaye. Ukumbi mzima kimya. Nikajua leo tumepata mwalimu.

Mchana tukafanya mazoezi ya SBAR: unampigia daktari, unaeleza hali ilivyo, historia ya mgonjwa, wewe unaonaje, na unaomba nini. Akasimama nesi wetu mdogo wa wodi ya wazazi. "Dokta, mama kajifungua, anatoka damu nyingi, presha 80 kwa 50, mapigo 130. Tumbo la uzazi halijakaza. Naomba uje sasa hivi." Safi kabisa! Daktari bingwa aliyekuwa akiigiza kupokea simu akamkatisha: "Sista, tangu lini unaniamrisha?" Watu wakacheka. Mkufunzi naye akacheka! Akasema tukumbuke kuheshimu wakubwa, akasogeza slaidi. Binti akakaa, hakufungua mdomo tena mpaka vyeti vinagawiwa.

Sasa kisa cha asubuhi kilikuwa cha nini? Wale wauguzi wa Uingereza walipuuzwa hivyohivyo.

Nilikusudia kuandika kwamba msiende kabisa. Lakini niseme kweli, juzijuzi usiku binti yuleyule alimpigia daktari wa zamu kwa mpangilio uleule. Daktari akamrudishia alichosikia, presha na mapigo, akaja mbio. Mama yuko hai, katoka na mwanawe. Kwa hiyo somo linafanya kazi, siwezi kulikana. Hata ile orodha ya WHO ya upasuaji salama, iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani ikiwemo ya Ifakara kwetu hapa, inataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe jina na kazi yake kabla ya kisu. Vifo kwenye jaribio lile vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mtu aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya bingwa haoni tabu kusema "Dokta, subiri kidogo."

Ila mkufunzi yule, hapana. Nikifikiria yule binti alivyokaa chini, hata hayo mazuri niliyoandika hapo juu natamani kuyafuta. Kama hospitali yenu inataka kuwaita watoa mafunzo hawa, waulizeni kwanza: bingwa akimkatisha nesi katikati ya zoezi, mtafanya nini? Msilipe kabla hawajajibu.