Filta ya oili ya Land Rover 109 ya baba: niliyoitupa na ninayotumia sasa

Kwanza nijibu swali ambalo wauza spea wa Arusha huniuliza kabla hata sijataja ninachotaka: hapana, gari si la mume wangu. Ni la marehemu baba, Land Rover Series III ya 1978, ile ndefu ya 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), injini ya petroli ya lita 2.25. Naipandisha Monduli kila baada ya wiki mbili kufuata maharage, na vumbi la kiangazi kule halina adabu.

Filta ya injini hii si ile ya kufungua kwa mkono, ukatupa na kufunga nyingine. Kuna kopo la chuma linaloning'inia ubavuni mwa injini, limeshikwa na bolti moja ndefu inayopita katikati. Kinachobadilishwa ni karatasi ya ndani tu, pamoja na mpira wa kuziba juu. Namba ya spea ni RTC3184. Ukiitaja hiyo, maneno dukani yanapungua, ingawa hayaishi.

Ya kwanza niliinunua 9,000 kwenye duka moja mjini, fundi kijana akaifunga huku anaongea na simu. Nilikuwa nimeshapita Kisongo taa ya oili ilipoanza kupepesa kila nikipunguza mwendo. Nikazima gari, nikachungulia chini. Oili ilikuwa inachuruzika kutoka juu ya kopo, chesi yote upande ule imelowa. Fuso lililokuwa linarudi mjini tupu likanivuta hadi mtaa wa Unga Limited, kwa fundi mzee aliyekuwa akimtengenezea baba.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, tayari yuko chini ya gari. Alipolishusha kopo akaniita: "Mwanangu, njoo uone. Humu kuna mipira miwili."

Yule kijana hakuutoa mpira wa zamani. Unakaa ndani ya mfereji kwenye kichwa cha filta, na kwa miaka unakauka mpaka unafanana na chuma chenyewe, mweusi kwa mweusi. Ukiweka mpya juu yake, kopo linakaa juujuu, na presha ikipanda oili inatafuta njia. Mzee aliuchokonoa kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa ncha. Ulitoka vipande vipande, kama ukoko wa wali, ikachukua karibu nusu saa.

Kisha akauliza, springi iko wapi? Nikamwambia springi gani. Akanionyesha kitako cha kopo, kitupu. Pale panatakiwa kuwe na springi na washa yake, ndizo zinazoisukuma karatasi juu ibane kwenye kichwa. Zisipokuwepo, oili inapita pembeni ya karatasi na kurudi kwenye injini na uchafu wake wote. Sijui zilipotea lini wala kwa fundi yupi. Huenda kwa miaka tulikuwa tunanunua filta kama pambo.

Na geji ya presha aliyofunga baba haikuwahi kulalamika miaka yote hiyo! Kitabu cha gari kinataka presha ya oili ya psi 35 hadi 65 injini ikiwa ya moto, mwendo kama kilomita 50 kwa saa. Yangu ilikuwa inasoma 45 siku zote. Geji inapima msukumo, haipimi uchafu.

Springi tuliipata kwenye injini mbovu iliyolala nyuma ya gereji. Ile karatasi ya 9,000 niliichana kwa wembe. Upande mmoja mikunjo imegandamana, upande mwingine imeachana hadi kidole kinapita, na gundi ya kwenye kifuniko ilibanduka kwa ukucha.

Mzee alinipa njia mbili. Moja ni kufunga adapta ili nitumie filta za kopo zima kama za Land Rover Defender 300Tdi, ambazo mji huu wa watalii umejaa nazo. Ya pili ni kubaki na kopo la baba na kutafuta karatasi nzuri. Wengi huchagua adapta, na siwalaumu, kazi inakuwa ya dakika kumi na mikono haichafuki sana. Mimi nimebaki na kopo. Filta inayouzwa sana ndiyo inayoghushiwa sana, na ile ya bati huwezi kuiona tumbo mpaka uikate. Karatasi yangu naifungua dukani, naangalia mikunjo kama imelingana, napima gundi, nahesabu mipira kwenye boksi. Nisiporidhika narudisha.

Jirani yangu aliniambia najisumbua bure, mbona Volkswagen Beetle yake ya zamani haina filta kabisa. Kweli haina, ina chujio la waya tu. Lakini ndiyo maana oili yake inamwagwa mapema kuliko ya magari mengine, hilo hakulitaja.

Ninayotumia sasa ni ya chapa ya Coopers, niliagiza kwa Mangi mmoja wa spea, 32,000. Imekuja na mipira ya saizi tofauti, kwa hiyo linganisha na mfereji kabla ya kufunga. Oili nanunua lita saba za 20W-50: sita za sampu (karai la oili chini ya injini), karibu moja inamezwa na filta. Kabla ya kuwasha tulichomoa waya wa koili ili injini isiwake, tukapiga stata mpaka taa ya oili ikazima.

Sitasema gari limeongezeka nguvu, filta haifanyi hivyo. Nimeifungua baada ya kilomita 4,000. Karatasi ilikuwa imekaa wima vilevile, mikunjo imejaa tope jeusi laini, na ndani yake chembe mbili zinazong'aa ambazo mzee alizipaka kwenye kiganja na kuzitazama kwa muda bila kusema kitu. Kopo kwa nje ni kavu.

Bei ndiyo inayouma, na kusubiri wiki tatu. Safari hii nimechukua tatu kwa mpigo, na Mangi ameandika kwenye daftari lake "dada wa 109" bila kuuliza habari za mume.