Ushauri nasaha kwa waliochagua kutozaa: tathmini ya kituo kimoja jijini Dar es Salaam

Kituo ninachokitathmini hapa ni cha binafsi, kipo wilaya ya Kinondoni, na hutoa huduma ya ushauri nasaha kwa mtu mmoja mmoja, kwa wenza na kwa familia. Sitakitaja jina, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni kasoro, na kwa sababu vigezo nilivyovitumia vinaweza kumsaidia msomaji kupima kituo chochote kilicho karibu naye. Nilikwenda pale nikiwa na msongo wa mawazo ulionikosesha usingizi na kunipa maumivu ya kichwa ambayo vipimo vya hospitali havikuyaonea sababu. Chanzo chake nilikuwa nakijua. Mimi na mume wangu tumeamua kutozaa, na uamuzi huo, ambao ndani ya nyumba yetu una amani, nje ya nyumba umekuwa shauri la kila mtu.

Huduma inayomfaa mtu wa hali hii ni adimu, na sababu yake inaeleweka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8 katika maisha yake. Katika utafiti uliotangulia, wa mwaka 2015/16, wastani ulikuwa 5.2. Katika nchi yenye wastani huo mshauri anaweza kukaa kazini miaka mingi bila kumpokea mteja asemaye kwamba hataki kuzaa, na siku akimpokea ni rahisi kumchanganya na yule aliyetafuta mtoto kwa muda mrefu asimpate. Hawa ni watu wawili wenye haja mbili. Yule aliyemkosa mtoto ana majonzi, na anastahili mtu wa kuomboleza naye. Aliyechagua kutozaa hana msiba, ana uchovu wa kujieleza kila siku kwa watu anaowapenda. Mshauri niliyemwona kwanza, katika kituo kingine, hakuitambua tofauti hiyo. Alinisikiliza kidogo, akaniuliza kama nilidhulumiwa utotoni, kisha muda wote uliobaki akanieleza utamu wa kulea. Nilitoka nimeumia zaidi ya nilivyoingia, maana mahali pekee nilipotarajia kusikilizwa palikuwa pamegeuka kikao kingine cha ukoo.

Kwa hiyo nilikiingia kituo hiki cha pili kwa tahadhari, na mapokezi hayakunitoa wasiwasi. Fomu ya usajili ina sehemu ya idadi ya watoto na, chini yake, umri wa mtoto wa mwisho. Niliandika sifuri, na sehemu ya pili nikaiacha wazi. Dada wa mapokezi aliisoma fomu, akaninyanyulia macho na kusema kwa upole wa kweli, “Usijali dada, Mungu atajalia.” Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini katika nyumba ya afya ya akili maneno ya mlangoni ni sehemu ya tiba, na mteja aliyekuja kwa sababu ya sentensi hiyohiyo hapaswi kukutana nayo kabla hajaketi. Nililieleza jambo hili baadaye kwa mshauri, naye aliliandika na kuahidi kulifikisha kwa uongozi. Hadi naandika tathmini hii fomu ni ileile, ingawa dada yule sasa hunisalimia tu na kunikaribisha maji.

Mshauri mwenyewe ni mama wa makamo, mtulivu, anayeuliza swali moja na kusubiri jibu lake. Alianza na dodoso la PHQ-9, ambalo wengi waliowahi kupimwa sonona watakuwa wamekutana nalo: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likijibiwa kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu ikiwa 27. Kuna swali la usingizi, la hamu ya kula, la kukosa raha katika mambo uliyokuwa ukiyapenda, na la mwisho huuliza kama umewahi kufikiri kwamba ni afadhali ungekufa au kujidhuru. Alinieleza kwamba jumla ya alama peke yake haitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa, bali humwonyesha mshauri pa kuanzia, na kwamba tungelijaza tena baada ya muda ili tuone kama kuna nafuu. Nilithamini kwamba alinionyesha alama zangu na kunifafanulia. Nimewahi kupimwa mahali ambapo karatasi ilifungiwa kwenye faili nisiione.

Kuhusu uamuzi wenyewe aliuliza mara moja. Alitaka kujua ulitoka wapi, kama tulifikia pamoja mimi na mume wangu, na kama kuna hofu fulani iliyojificha nyuma yake ambayo ningependa tuizungumze. Ninaona alikuwa na haki ya kuuliza, tena alikuwa na wajibu, kwa sababu wapo watu ambao hukataa kuzaa kwa kuogopa uzazi uliowahi kumuua dada yao, au kwa kulazimishwa na mwenza, na hao wanahitaji msaada wa aina nyingine. Nilipomjibu kwamba sijawahi kutamani kulea tangu nikiwa msichana, na kwamba mume wangu alinioa akilijua hilo, aliliandika na kuendelea. Hakulirudia tena kwa mlango wa nyuma katika vikao vilivyofuata. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, na kama ningetakiwa kutaja jambo moja tu linalokifanya kituo hiki kistahili nauli na ada yake, ningelitaja hilo.

Kazi yenyewe ilifanyika kwa daftari na kwa mazoezi. Daftari lilikuwa na safu nne: tukio, wazo lililonijia, mwili ulivyoitikia, na nilichofanya. Siku moja niliandika kuhusu kundi la WhatsApp la familia, ambako picha ya mtoto mchanga wa binamu yangu ilifuatiwa na ujumbe ulionitaja jina na kusema zamu ni yangu. Katika safu ya wazo niliandika kwamba familia nzima inanidharau, na katika safu ya mwili, moyo kwenda mbio na tumbo kukaza. Mshauri aliniomba nifungue simu tuzisome zile jumbe pamoja. Aliyenitaja alikuwa mtu mmoja. Wengine wote walikuwa wakimpongeza mzazi, na mdogo wangu alikuwa ameandika tuachane na maswali hayo, ujumbe ambao sikuwa nimeuona kwa sababu nilikwisha kuizima simu. Hakuniambia kwamba maumivu yangu ni ya kubuni. Alinisaidia kuyaona kwa kipimo chake.

Zoezi lililonifaa kuliko yote lilikuwa la kuigiza. Aliniuliza shangazi yangu huketi vipi, huanzaje mazungumzo, na hutumia maneno gani hasa, kisha akajifanya yeye.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona bado hatuoni kitu? Kuna mzee pale Bagamoyo, amemsaidia binti wa jirani yetu, sasa ana mapacha.”

Nilijibu kwa maelezo marefu: ada za shule, kazi, hali ya maisha, afya yangu. Alinisimamisha, akaniambia kwamba kila sababu ninayoitoa inakaribisha hoja ya kuijibu. Nikisema ada ni ghali, shangazi atasema kila mtoto huja na riziki yake; nikisema kazi inanibana, atasema atakuja yeye mwenyewe kulea. Tulijaribu tena na tena mpaka tukapata maneno ambayo ninaweza kuyasema bila sauti kutetemeka na bila kumvunjia heshima: “Shangazi, najua unanitakia mema, na nakushukuru. Mimi na mwenzangu tumeamua kutozaa, tumeridhika, wala si ugonjwa. Hebu niambie, mguu wako unaendeleaje?” Nilipoyasema kweli nyumbani kwake, shangazi alinuna, na chakula cha jioni kilikuwa kimya. Asubuhi yake aliniomba nimsindikize kliniki ya macho, na njiani tukazungumza mengine. Sidai kwamba amekubali. Mimi nililala usiku ule, na usingizi ndio niliokuwa nimekwenda kuutafuta.

Kikao cha wenza ni ghali zaidi, shilingi 100,000 badala ya 70,000 za mtu mmoja, kwa dakika zilezile 50, na bado nakipendekeza. Mume wangu alikuwa akibeba mzigo ambao hakuwa ameniambia: nduguze walikuwa wakimshauri aoe mwingine, naye alikuwa akinyamaza ili kunilinda. Kunyamaza kwake nilikuwa nimekutafsiri kuwa kuyumba. Mshauri alimwuliza mbele yangu kama uamuzi ni wake pia, akajibu kwamba ni wake tangu mwanzo, na tukakubaliana kwamba kila mmoja atazungumza na ukoo wake mwenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye ninampenda, sasa hupewa majibu na mwanawe, nami nikienda Tanga ninaketi naye jikoni kama mkwe, sina tena kesi ya kujibu.

Swali la uzee ndilo gumu kuliko yote, na nimefurahi kwamba hakulipuuza. Nilimwuliza kama nitajuta. Alitaja utafiti wa watu wazima wapatao 1,000 wa jimbo la Michigan nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, ambao haukuona tofauti ya kuridhika na maisha kati ya waliochagua kutozaa na wengine, kisha yeye mwenyewe akaongeza kwamba Michigan si Tanga. Kwetu watu wengi hawana pensheni, mtoto ndiye pensheni, na shangazi anapouliza nani atanizika anauliza jambo la kweli kwa lugha ya ukali. Kwa hiyo tuliligeuza swali kuwa orodha ya kazi: michango yetu ya NSSF, bima ya afya, ndugu gani atapigiwa simu tukilazwa, na wosia. Hili la wosia tulikuwa hatujalifikiria kabisa, ilhali mjane asiye na mtoto ndiye anayeweza kujikuta akigombea nyumba na ukoo wa marehemu. Tuliandika wosia na kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Baada ya hapo hofu ile ya usiku ilipungua kwa kiasi ambacho mazoezi ya kupumua hayakukifikia, nami naamini mshauri yeyote anayewahudumia watu wa aina yetu anapaswa kulifikia jambo hili mapema, badala ya kuliacha mwishoni kama ilivyokuwa kwangu.

Kituo hakitoi huduma za uzazi wa mpango, lakini mshauri alinipa barua ya rufaa na maelezo yaliyonyooka. Katika zahanati moja nesi alikuwa amenikatalia kitanzi kwa kusema hakiwekwi kwa mwanamke ambaye hajazaa. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani huiweka hali hiyo katika daraja la 2 kati ya 4, yaani kwa kawaida faida huzidi hatari, na kitanzi cha shaba kinaweza kufanya kazi miaka 10 au zaidi. Kulijua hilo kulinipa ujasiri wa kwenda kuuliza kwingine, na safari hii nilihudumiwa.

Kasoro zipo, na mbili ni kubwa. Ya kwanza ni faragha. Vyumba vimetenganishwa kwa kuta nyembamba, na feni inapozimwa mtu huweza kusikia sauti ya chumba cha pili. Kuna siku nilimsikia mwanamke akilia, na nikajua kwamba naye alikuwa akinisikia. Redio ndogo kwenye korido ingepunguza tatizo hili kwa gharama ndogo, na kuziba kuta vizuri kungelimaliza. Ya pili ni malipo. Hawapokei bima yoyote, wala hawana punguzo kwa mwenye kipato cha chini, hivyo mama lishe au dada wa saluni anayesumbuliwa na maneno yaleyale hawezi kuendelea hapo zaidi ya kikao cha kwanza. Vipeperushi vya mapokezi navyo ni vya malezi ya watoto tu. Vikao vya video vipo, na ni vizuri mtandao ukiwa imara. Ukikatika, muda uliopotea haufidiwi.

Ninakipendekeza kwa mtu mmoja au wenza ambao uamuzi wao umekomaa na wanachokitafuta ni namna ya kuishi nao kati ya ndugu. Aliye katika hatari ya kujidhuru asisubiri miadi ya kituo cha aina hii, kwa sababu hakifunguliwi usiku wala Jumapili. Aende hospitali yenye idara ya afya ya akili, kama vile Muhimbili. Kwa anayetafuta huduma mahali pengine, nashauri amwulize mshauri kwa simu, kabla ya kulipa, kama amewahi kumhudumia mtu aliyechagua kutozaa na alimsaidia katika jambo gani. Jibu likianza na namna alivyombadilisha mawazo, apige simu kwingine.