Wiki sita za TMS kutibu sonona, haya ndo maoni yangu

Nipo Marekani, sonona nimeugua miaka minne, dawa aina mbili hazikunisaidia, ndo nikapelekwa kwenye kliniki moja ya hii TMS, yaani sumaku ya kichwa ya kuamsha ubongo. Unakaa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, wanakuwekea koili juu ya paji upande wa kushoto, inagonga tatatata kama kigong'ota, siku tano kwa wiki. Mwanzoni kichwa kinauma kweli, baadae unazoea.

Daktari nampa nyota zote. Alichukua karatasi akanichorea. Ubongo una mtandao wake unaowaka ukiwa umekaa tu hufanyi kitu, ule wa kujiwaza mwenyewe, halafu kuna kieneo kidogo ndani kabisa kinachohusika na huzuni. Sehemu ya mbele kushoto inaenda kinyume na hicho kieneo, hii ikipanda kile kinashuka, sasa sumaku haifiki kule chini kwa hiyo wanagonga ya juu ili ya chini itulie. Na hakunidanganya, akasema hakuna skani ya kukwambia una sonona au huna, tena tafiti ndogo za nyuma zilikuta kwa wagonjwa ule mtandao umekaza, yaani sehemu zake zinawasiliana kupita kawaida, ila utafiti mkubwa wa China wa 2019, wagonjwa 1,300, ukakuta umelegea kwa waliougua zaidi ya mara moja. Jamani miaka yote nilijua ni uvivu wangu na imani haba, nilivyoona ule mchoro nililia palepale.

Kilichoniudhi ni mapokezi. Nimeenda na rasta nene nimelipia hela ya maana, fundi ananiambia koili lazima iguse kichwa, zifumuliwe. Si mngesema kwenye simu?? Dada zangu sukeni mistari myembamba au nendeni na nywele zenu.

Halafu kujua pa kuweka koili, wanatafuta sehemu ya kichwa ambayo ikigongwa inarusha kidole gumba cha mkono wa kulia, wanapima sentimita kadhaa kwenda mbele basi, watu wote sawa. Wakati tangu 2022 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, imeruhusu njia ya chuo cha Stanford, unapigwa skani ya ubongo kwanza wanatafuta pointi yako wewe, mara 10 kwa siku kwa siku 5. Hapa hawana, na nilijua nimeshafika wiki ya tatu.

Wiki ya nne mama kapiga simu kutoka Tanga, katikati ya maongezi akanyamaza, akasema mwanangu umecheka. Nyota nne. Mwenye chuma kichwani au aliyewahi kuanguka kifafa awaambie kabla hajakaa kwenye kiti.