Semina ya siku moja, au kuandaa somo pamoja?

Semina ina raha yake. Mwalimu wa sayansi anakutana na wenzake, anarudi na cheti na daftari lililojaa mbinu. Kwa mada mpya kabisa, au kifaa ambacho hajawahi kukigusa, hakuna njia ya haraka kuishinda. Ila mbinu hizo zilijaribiwa kwa watu wazima waliokwisha kujua jibu.

Njia ya pili Wajapani huiita jugyō kenkyū. Walimu watatu au wanne wanaandaa somo moja, mmoja analifundisha, wengine wanaketi nyuma kuwatazama wanafunzi. Chukua pendulamu: uzi wa mita 1, nati mwishoni. Kabla haijaachiwa, kila mwanafunzi anaandika utabiri wake: tukifunga nati nzito zaidi palepale, itabembea haraka zaidi? Wengi hudhani ndiyo. Saa inaonyesha takriban sekunde 2 kwenda na kurudi, nati iwe nyepesi au nzito. Aliyeketi nyuma ndiye anayemwona mmoja akifuta jibu lake kimyakimya, na mwingine akinong'ona kwamba saa ni mbovu. Mfundishaji, uzi mkononi, hana nafasi ya kuyaona hayo.

Njia hii inakula muda, na ratiba isipolegezwa mtaishia kupanga tu. Tena inataka moyo: kuambiwa na rafiki kwamba swali lako ndilo lililowachanganya watoto si jambo tamu. Hata hivyo, kwa mada inayokwama kila mwaka, ningeanza nayo.