Garrett ACE 250 ya mtumba: miezi minne ya kuchimba misumari

Siku ya kwanza na mashine yangu ya kutafuta vyuma ardhini nilichimba mashimo 31 nyuma ya nyumba ya kukhu, yaani nyanya yangu, huko Luanda, Vihiga. Nilitoka na misumari ya mabati, vipande vya waya, nusu ya kufuli, betri za redio zilizooza na kijiko kisicho na mkono. Kukhu alikuwa ameketi tu chini ya mwembe ananiangalia, mwishowe akaniuliza kwa upole kama nitapanda maharagwe saa hii au tungoje mvua, juu mashimo tayari yako.

Sasa niko nayo miezi minne na karibu kila kitu nilichoamini siku ile nimekibadilisha, kwa hivyo hii naandikia mtu anayefikiria kununua mashine ya kutafuta vyuma, hasa yule ashaambiwa na beshte yake kwamba Kakamega dhahabu inangoja tu mtu mwenye mashine.

Yangu ni Garrett ACE 250, mtumba, nililipa 18,000 kwa muuzaji mmoja wa Nakuru, akaituma na matatu nikaichukua Kisumu stendi ikiwa imefungwa na gunia la viazi. Kwa simu huyo jamaa aliniapia inasikia dhahabu mita 2 chini. Uongo mtupu, na si kosa la mashine. Sarafu moja ikiwa sentimita 20 chini, mashine ya aina hii inaanza kukisia, na kwa udongo wa kwetu hata 15 unashukuru. Kitu kikubwa kama sufuria au kichwa cha jembe ndio inasikia chini zaidi. Kwa hivyo ukiskia mtu anakutajia mita 2 za sarafu kata simu. Na wale wanauza vijiti vyenye antena ati vinaelekeza penye dhahabu ukiwa kilomita mbali, hao hata usiulize bei.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa ujuaji. Niliwasha, nikapandisha usikivu hadi mwisho, nikijiambia pesa nimelipa ya mashine nzima si ya nusu. Wueh. Ikaanza kulia kama kuku amekanyagwa, hapa inalia, pale inalia, ukichimba hakuna kitu, ukirudisha udongo inalia tena. Nikajua nimeuziwa mbovu, hata nikamtumia muuzaji meseji ya matusi ambayo bado naionea aibu (hakujibu, lakini yeye na mita zake 2, tuko sawa).

Kumbe ni udongo. Ile sahani ya chini, koili, inatuma sumaku inayopanda na kushuka, kitu chochote cha chuma, shaba, fedha kikiguswa nayo kinarudisha kasauti kake, na mashine inasoma hako kasauti. Sasa udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega ni mwekundu kwa sababu ya chuma kilichomo, kwa hivyo ardhi yenyewe inajibu. Mashine za bei ya juu unaweza kuziambia "zoea huu udongo kwanza", lakini ACE 250 imepangwa kiwandani na hauna mahali pa kugusa. Unachobaki nacho ni kupunguza usikivu. Nilishusha vipau vitatu vya usikivu kwa skrini nikaona sasa imepoteza nguvu, lakini ikanyamaza, na ikilia sasa inalia kwa sababu. Hii ndio kitu ningetaka mtu aniambie siku ya kwanza: usikivu mdogo na mashine iliyotulia inakupatia vitu vingi kuliko usikivu wote na kelele, juu hizo kelele ndizo zinafunika sarafu yenyewe.

Ya pili ni mkono. Nilikuwa nafyeka. Kama mtu na slasha kando ya barabara, na kila mwisho wa mfyeko koili inapanda juu hewani, ikipanda umeshapoteza hizo sentimita chache ulizokuwa nazo. Sasa naenda polepole, koili sambamba na ardhi, kama vidole viwili juu ya nyasi, na kila mpito unalalia nusu ya ule uliopita. Ukiniona utadhani napiga pasi. Nyasi zikiwa ndefu usijisumbue, leta ng'ombe kwanza.

Halafu viatu. Nilipoteza karibu saa nzima Dunga, ule ufuo wa ziwa hapa Kisumu, nikitafuta "kitu kikubwa" kilichokuwa kinanifuata kila hatua, ni buti zangu za mjengo, zina chuma mbele ya vidole. Nkt. Ukiweka na simu kwa mfuko wa mbele, ukisimama chini ya nyaya za stima, ukiacha jembe karibu na koili, zote hizo zinaongea.

Kilichonifundisha kusikia ni kashamba ka mtihani, futi chache tu nyuma ya nyumba ninayokodi Mamboleo, Kisumu. Nilizika vitu nikijua vimelala wapi na kina gani: msumari, kifuniko cha soda, kipande cha karatasi ya sigara ile ya kung'aa, pete ya fedha ya mke wangu (aliijua baadaye, hiyo ni stori ingine), sarafu tofauti sentimita 5, 10, 15. Kila jioni dakika ishirini napita juu yake na hedifoni. ACE 250 ina sauti tatu, nzito kwa chuma, ya kati, na ile ya juu inayolia ding kama kengele kwa vitu kama fedha na shaba. Siku ya tatu nne sikio linaanza kutofautisha bila kuangalia skrini. Msumari uliolala una tabia ya ukora, ukipita kutoka kaskazini unalia vizuri, ukizunguka ukapita kutoka mashariki unakatika ama unapotea. Sarafu inalia sawa pande zote. Saa hii sichimbi kitu chochote kabla sijakizunguka, na hiyo peke yake imepunguza mashimo yangu zaidi ya nusu.

Kifuniko cha soda bado kinanidanganya, nakubali. Ni chuma lakini kikilala chali kinapiga ding kama sarafu ya maana.

Na kitu kingine kashamba kalinionyesha: ile shilingi moja mpya, ya twiga ya 2018, ndani ni chuma iliyopakwa nikeli, leta sumaku uone inanaswa. Kwa hivyo ukibonyeza ile hali ya sarafu (mpangilio wa mashine wa kutafuta sarafu tu) ukidhani mashine itakuletea sarafu zote, inaruka vyuma, na shilingi yetu inaweza kurukwa nayo ama inakohoa tu. Hiyo hali iliwekwa na watu wa Marekani wakifikiria sarafu zao. Mimi natumia ya kusikia vyuma vyote halafu sikio ndio linachuja.

Dhahabu sasa, juu najua ndio umesomea hadi hapa. Nilienda Ikolomani, huko Kakamega, Jumamosi moja na mashine kwa begi. Ukweli ni kwamba hapo dhahabu ipo, wazungu walifurika Kakamega miaka ya 1930 mwanzo, mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi 1952 ukafungwa, na vijana bado wanashuka mashimoni mpaka leo. Lakini nyingi ya hiyo dhahabu iko ndani ya mwamba, chembe ndogo kama unga, wanatoa jiwe, wanaliponda, wanaliosha. Mashine yangu inafanya kazi kwa masafa ya kilohezi 6.5, hiyo ni nzuri kwa sarafu na vitu vikubwa. Ya kutafuta vijiwe vidogo vya dhahabu ni kama ile Minelab Gold Monster 1000 inayotumia kilohezi 45, na hata hiyo haisikii unga uliotawanyika kwa mwamba. Mchimbaji mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua jiwe lao lenye dhahabu akaweka chini ya koili, kimya. Akacheka, akanipatia chai. Pia ujue kutafuta madini kunahitaji leseni chini ya sheria ya madini ya 2016, si kitu cha kuamka tu na kwenda.

Mahali imenilipa ni ufukweni na nyumbani. Dunga niliomba ruhusa kwa watu wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, kwanza, walishangaa kidogo wakasema sawa bora nifukie mashimo na nibebe takataka yangu. Asubuhi mbili tatu nimepata shilingi ishirini za kutosha mafuta ya boda, risasi za nyavu, ndoano (chunga vidole, tumia mwiko wa fundi kuchimba, si mkono), na hereni moja ambayo mama wa samaki aliijua hata kabla sijaiosha. Koili inaweza kuingia majini lakini kile kisanduku cha juu hapana, kwa hivyo mimi nakivalisha karatasi ya plastiki nikikaribia ziwa.

Alafu nikarudi kwa kukhu. Pale pale chini ya mwembe, penye nilikuwa nimeshachimba mashimo 31, mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ukiwa na maji mashine inasikia vizuri kidogo. Usikivu chini, polepole, hedifoni. Ding. Nikazunguka, ding. Kama sentimita 12 hivi nikatoa senti kumi ya Afrika Mashariki, 1942, ile ya tundu katikati na pembe za ndovu pembeni. Ilikuwa hatua moja kutoka kwa shimo langu la zamani. Kukhu aliifuta na leso akaiangalia sana, akasema hizi walikuwa wanazitunga kwa uzi ndio zisipotee, basi akaifunga kwa pindo la leso na sijaiona tena. Sarafu moja ya nyumbani ni sawa, lakini ukikutana na vitu vya kale kweli kweli, vyungu, mifupa, sehemu kama Thimlich Ohinga, zile kuta za kale za mawe kule Migori, usiguse kabisa, kuna sheria ya makumbusho ya 2006 na haichezi.

Vitu vidogo vya kununua: inakula betri nne za AA, nunua za kuchaji juu zile za dukani za bei rahisi zilinikatikia katikati ya kazi. Tundu la hedifoni ni lile nene la gitaa, hedifoni ya simu haiingii bila adapta, na bila hedifoni utapoteza sauti ndogo zote kwa kelele za boda na watoto wanaouliza kama unatafuta bomu.

Kwa anayeanza naipatia nne kwa tano. Moja naitoa juu ya udongo wetu, kama uko upande wa Vihiga, Kakamega ama Kisii na una pesa zaidi, tafuta yenye uwezo wa kuzoeshwa udongo.

Kazi iliyonishangaza sikuipanga. Mjomba alipiga simu, "Mwana wa dada, hiyo mashine yako inasikia bikoni?" Yaani ile alama ya mpaka wa shamba. Nikamwambia sijui mjomba, lakini bikoni ina chuma ndani ya simiti, tujaribu. Kwa miaka yeye na jirani wamegombana juu ya mpaka, kila mtu na ua lake. Nikaweka ya kusikia vyuma vyote, nikapita taratibu kando ya ua wazee wote wa kijiji wakiniangalia, na kwa kona, ndani kabisa ya mizizi ya ua, sauti nzito, pana, pande zote. Tulifukua mpaka tukaona simiti tukaacha hapo, ya kusoma ni ya surveya. Jirani ndiye alileta kuku. Bikoni ilikuwa futi sita ndani ya sehemu mjomba alikuwa anasema ni yake.